Ndayikunda Alitungoja Mwezi wa Tano

Kitahana,
Kibondo.
12 Oktoba 1997

Mpendwa Mjomba Tharsisi,

Nakusalimu wewe na wote ulio nao hapo Mpulungu. Mguu wako umepona? Huku mvua zimeanza, na mume wangu Philemon ameshapanda mahindi. Watoto hawajambo.

Mjomba, keti kwanza. Dada yako, mama yetu Immakulata, ametutoka mwezi uliopita. Tumemzika hapa hapa Kitahana. Nilishindwa kukuandikia mapema. Kila nikishika kalamu machozi yalinitangulia.

Unajua mama alipokimbia Burundi mwaka 1993 akaja kwangu, mdogo wangu Ndayikunda alipotea njiani akafuata majirani hadi Uvira. Aprili mwaka huu tukapata karatasi kutoka ofisi moja ya Kasulu inayowatafutia wakimbizi ndugu zao. Amepatikana! Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio.

Tuliambiwa tufike kuonana naye tarehe 05/08/1997. Philemon, mwalimu mzima, akasoma tarehe tano Agosti. Chini yake siku ya kuzaliwa ya Ndayikunda iliandikwa kwa kalamu, 23/11/1978, siku kwanza, kama tunavyoandika sote. Nani angetia shaka? Nilitaka twende mapema, mama akakataa. Aliogopa wangekasirika na kutufuta.

Basi tukaenda Agosti. Dada wa ofisini, Anifa, aliitazama ile karatasi, kisha akamgeukia mama.

“Mama, ilikuwa mwezi wa tano, tarehe nane. Kompyuta yao inatanguliza mwezi.”

“Kwani leo si tarehe tano?” mama akauliza.

“Ni leo, mama. Lakini binti alikuja Mei. Alikaa kwenye benchi hilo mpaka tukafunga. Akasema labda mmeshazoea kuwa amekufa.”

Nikamuuliza kwa ukali kwa nini hawakutuita tena. Akasema walipokwenda kumtafuta walikuta ameshapanda meli Kigoma na watu wanaokwenda Zambia.

Mama akaenda kuketi kwenye lile benchi. Alikuwa amemshonea gauni la kitenge kwa kukisia tu, maana aliachana naye akiwa bado mtoto. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Alimwita tu mwanawe kwa lugha ya kwetu, “Mwana wanje, mwana wanje,” mpaka nikamshika mkono tukawahi basi.

Tangu hapo chakula kilimshinda. Malaria ilimkuta hana nguvu, haikuchukua muda.

Philemon hajisamehe. Namwambia alisoma sawasawa, naye ananijibu, “Kusoma sawasawa kumetusaidia nini?” Sasa darasani anawaandikisha wanafunzi mwezi kwa herufi. Nawe ukinijibu fanya hivyo.

Mjomba, meli ile inatia nanga hapo kwenu. Nakuomba uulize sokoni na makanisani. Ana kovu dogo kidevuni, na anacheka kama mama, akiziba mdomo kwa kiganja.

Nisalimie Veronica na wanawe, na mzee Ntirampeba kama bado yupo. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Ukimpata Ndayikunda, usianze na habari za msiba. Mwambie kwanza kwamba mama alikuja.

Mimi mpwa wako, nikupendaye siku zote,
Pelagia