Mawe Meupe Chini ya Kitanda Chetu

Mpendwa Shangazi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kitanda, na chini ya kitanda hiki kuna mawe ishirini na sita yaliyopakwa rangi nyeupe, na mtu akiyaona ndoa yangu ya miezi mitatu itaingia midomoni mwa mtaa mzima, kwa hiyo nakuomba sana uisome barua hii mpaka mwisho na unijibu haraka, maana gazeti lenu linatoka Alhamisi na mkutano wetu ni Jumamosi.

Kwanza nikueleze kuhusu mume wangu ili usije ukamfikiria vibaya. Ni fundi rangi, tena fundi hasa, akipaka ukuta hahitaji utepe wa kuzuia rangi, ni mkono wake tu na mstari unatoka kama umepigwa rula. Tulikutana dukani ninakopima vitambaa, alikuja kununua mita sita za kufunika samani za watu asizichafue, na Shangazi, nilipima mara tatu nikakosea mara mbili kwa sababu ya macho yale. Mpaka leo akiondoka alfajiri ananiachia neno kwenye kioo kwa chaki. Nguo zangu za kazi anapiga pasi yeye. Nikirudi nimechoka ananiambia, "Kaa hapo malkia, nisimulie siku yako," halafu ananitazama machoni mpaka nasahau nilichokuwa nasema. Nina furaha ambayo sikujua kwamba ipo duniani, na ndiyo maana hasira niliyo nayo sasa inanitisha.

Kabla sijaolewa nilikuwa nakaa na dada yangu kwenye ghorofa moja mitaa miwili kutoka hapa, na kati ya ghorofa hilo na ukuta wa karakana ya magari palikuwa na kiwanja cha manispaa ambacho kila mtu alitupa uchafu wake, matairi, nepi, vyoo vilivyopasuka, mpaka godoro lenye panya. Miaka miwili iliyopita jirani yetu mmoja, mkunga mstaafu tunayemwita Bibi Mkunga, akaandika barua manispaa, akapewa ruhusa, akatukusanya watu kumi na wanne na kutufundisha kilimo kinachoitwa pamakalcha, yaani kilimo kinachoiga msitu. Hatulimi kwa jembe. Udongo tunaufunika kwa majani makavu na maboksi yaliyolowa ili usikauke, mimea tunaichanganya, mbaazi katikati ya mchicha, maboga yakitambaa chini, na marejea, mmea ambao hakuna anayeula ila unarutubisha ardhi, na mitaro ya kukinga maji ya mvua inapinda kufuata ardhi ilivyo. Ukichimba kwa kidole unakuta nyungunyungu, mahali palipokuwa na vioo na mafuta machafu! Lakini mpita njia asiyejua anaona pori tu.

Na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, kwa sababu mwezi uliopita mteja mmoja dukani alinicheka mbele ya watu, "Kumbe wewe ni wa lile pori la nyoka?" nikarudi nyumbani nikalia kifuani kwa mume wangu, nikamwambia watu wanaiita bustani yetu pori. Akanifuta machozi akasema, "Niachie mimi."

Jumatano iliyopita hakwenda kazini. Alichukua ufunguo wangu wa geti kwenye mkoba bila mimi kujua. Saa kumi na moja jioni akanifuata dukani, akanifunga macho kwa kitambaa, akaniongoza barabarani watu wakitucheka nami nikicheka, nikasikia geti linafunguliwa, nikasikia harufu ya moshi. Akanifungua macho.

Shangazi, palikuwa peupe. Alikuwa ameng'oa mbaazi zote na marejea yote na maboga, amelima kwa jembe kutoka ukuta mpaka ukuta, amefukia mitaro ("Mlikuwa mnafuga mbu, mpenzi"), amekusanya matandazo, yale majani yetu ya kufunika udongo ya miaka miwili, na kuyachoma, na matuta yamenyooka kama mistari ya daftari. Katikati alikuwa amepanga mawe meupe, umbo la moyo. Mikono yake ilikuwa na malengelenge. Akauliza, "Umependa?"

Nikasema, "Asante, mume wangu." Nikalia, naye akadhani ni furaha.

Kesho yake asubuhi kabla ya kwenda dukani nilipita pale nikayabeba yale mawe kwa mifuko miwili, nikayaficha chini ya kitanda nyuma ya masanduku ya zawadi za harusi, maana nilijua yakionekana kila mtu atasema hii ni kazi ya fundi rangi. Mume wangu analala juu yake na hajui.

Leo Jumapili tumekutana. Bibi Mkunga hakuweza hata kusimama. Alikaa kwenye ndoo akawa anachota majivu na kuyaacha yaanguke, anasema, "Miaka miwili tunatengeneza udongo, mtu anauunguza kwa siku moja." Mwenyekiti wetu, fundi redio, akasema aliyefanya hivi hana akili timamu. Mama Pacha akadakia, "Huyo ni mshamba wa kutupwa, tena mshamba asiyejua hata shamba!" Nikajikuta nimesimama napiga kelele, "Msimwite mshamba!" Wote wakanigeukia. Nikasema, "Namaanisha, tusitukane mtu tusiyemjua." Nilikuwa nawachukia wote, mume wangu si mshamba wala si mjinga, alifanya kwa mapenzi, nani kati yao ana mume wa kumfanyia hivyo?

Halafu wakamgeukia Mzee Fagio. Huyu ni mfagiaji wa barabara, mwanachama mwenzetu tangu siku ya kwanza, ana kona yake ya mchaichai pale. Mwenyekiti akasema alionekana Jumatano akitoka getini na mkokoteni wake na ndoo, na kazi yake kila siku ni kuchoma takataka, basi ni yeye. Mzee akajibu, "Niliona moshi nikaingia kuuzima." Wakacheka. Wakamnyang'anya ufunguo. Mwenyekiti ameandika barua kwa msimamizi wa wafagiaji kwamba mtu wao amechoma moto mahali pasiporuhusiwa, Jumamosi tutaitia sahihi wote, na Bibi Mkunga anasema kwa kosa hilo wanafukuza.

Na mimi najua ni kweli alikuja kuuzima, kwa sababu Jumatano tukirudi nyumbani mume wangu aliniambia, "Kuna mzee mmoja alikuja na ndoo akamwagia maji rundo langu, nikamwambia mzee wangu niache nimalize, ni zawadi ya mke wangu." Leo mkutano ulipoisha Mzee Fagio alinipita karibu, akasema polepole, "Binti, nimemwona aliyefanya, nawe unamjua. Ndoa yenu bado changa, mimi sitaisema. Ila hiyo barua naiogopa."

Mume wangu amesema Jumamosi ataomba ruhusa kazini aje mkutanoni, anataka aone watu watakavyofurahi. Shangazi, nina hasira na majirani kwa matusi yao, na mume wangu kwa jembe lake, na Mzee Fagio pia kwa kuniangalia vile. Nifanyeje ili nisimvunje moyo mume wangu?

Ni mimi,
Bibi Harusi Mwenye Mawe

*

Bibi Harusi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama, maana kukaa nilishindwa. Hongera ya ndoa. Nimemaliza hongera.

Angalia ulivyoandika. Macho ya mumeo nimeyakuta mwanzoni kabisa, pasi yake, chaki yake. Mzee anayekaribia kupoteza kazi nimemkuta mwishoni, umemsogeza nyuma kama ulivyosogeza mawe nyuma ya masanduku. Halafu unaniuliza ufanyeje usimvunje mumeo moyo. Swali gani hilo? Moyo wa mumeo utauma siku mbili, atapona, utamkanda kwa maji ya moto. Mzee Fagio akifukuzwa kwa sahihi yako, utamkanda kwa maji gani?

Na kuna jambo hukuliandika, sijui kama hata uliliwaza. Majani makavu ya kufunika uwanja mzima, katikati ya mji wa lami, yalitoka wapi miaka miwili? Ninyi ni wapima vitambaa na mafundi redio. Kama yupo aliyekuwa akiyaleta kwa mkokoteni, ni yule anayeyafagia. Nenda kamuulize Bibi Mkunga. Nikikosea niandikie, nitaomba radhi gazetini. Lakini sidhani kama nitaomba.

Sasa mumeo. Hapa nitakuwa upande wako kidogo. Si mjinga. Mtu anayeacha kibarua, akalima siku nzima mpaka mikono ikatoka malengelenge kwa sababu mkewe alilia, huyo si wa kutukanwa, na huyo Mama Pacha wenu apunguze mdomo. Ila nikuulize. Miezi mitatu unamsimulia siku yako. Bustani hukuitaja? Uliitaja, nina hakika. Alikuwa anakutazama machoni. Kutazama na kusikiliza ni kazi mbili, binti yangu, na ninyi wawili mmekuwa mkifanya moja na kuiita mapenzi. Wewe nawe kila alipokutazama ulisahau ulichokuwa unasema, na umeniandikia jambo hilo kama sifa.

Halafu ukasema asante. Hapo ndipo ninapokasirika kuliko kote. Mumeo alikosa kwa kutojua, Jumatano moja, kuanzia asubuhi hadi jioni. Wewe unajua, na umekosa Jumatano, na Alhamisi ulipobeba mifuko, na Jumapili uliposimama mbele ya watu, ukapata sauti ya kumtetea asiyeshtakiwa, ukakaa chini aliposhtakiwa asiye na kosa. Sauti ulikuwa nayo! Majirani zako wamekosa adabu na mwenyekiti wenu amehukumu kabla ya kuuliza, lakini wao hawakuona kitu. Aliyeona ni mzee, naye anafunga mdomo kwa ajili ya kitanda chako. Unamkasirikia kwa kukuangalia? Alitaka atazame wapi?

Basi sikiliza utakavyofanya, na usinipunguzie hata kimoja.

Leo mumeo akirudi, usimpe chakula kwanza. Mwambie akae, na safari hii usimwache akuangalie machoni, mwonyeshe mawe. Yavute yote kutoka chini ya kitanda, umweleze ile mitaro ilikuwa ya nini, mbaazi zilikuwa za nini, majani yalikuwa ya nani. Atasema, "Mbona ulisema asante?" Jibu ukweli: uliogopa. Akinyamaza, mwache anyamaze. Akigomba, agombe. Ndoa itakayokufa kwa sababu hiyo ingekufa kwa jingine, na yenu sioni kama itakufa.

Ijumaa alfajiri nendeni wote wawili barabara anayofagia Mzee Fagio. Msimwite nyumbani kwenu, mfuateni kazini kwake, na mumeo amwombe radhi huku mzee ana fagio lake mkononi. Nawe umwombe yako, ambayo ni kubwa zaidi. Kutoka hapo nenda kwa fundi redio kabla hajafungua kibanda, uchukue ile barua. Usingoje Jumamosi. Barua ikishafika kwa msimamizi, machozi yako hayatairudisha.

Jumamosi usimame wewe kwanza kabla mumeo hajafungua kinywa. Sema, "Aliyefanya ni mume wangu, nami nilijua tangu siku ile." Wataguna. Watamwita mshamba mbele yake, na safari hii utanyamaza, maana sababu ya kumwita hivyo umewapa wewe. Halafu mumeo amuulize Bibi Mkunga neno moja tu, "Nianzie wapi?" Fundi rangi anajua kutumia pima maji, kile kifaa cha kujua usawa, na mtu anayejua pima maji atajifunza kuchora mtaro unaofuata ardhi, hata kama mkono wake unalilia kunyoosha. Majani mapya atayaleta yeye, akisukuma mkokoteni wa Mzee Fagio, mzee akitembea mikono mitupu pembeni na kumwelekeza. Si mara moja ya kuonyesha watu. Mpaka udongo ufunikwe wote.

Mawe yawekwe ukingoni mwa mtaro yazuie udongo usimomonyoke. Si kwa umbo la moyo.

Hukuniambia mkutano unaanza saa ngapi. Fika mapema, usimame getini, na Mzee Fagio akija mkabidhi ufunguo wako afungue yeye, abaki nao. Mpaka watakapomrudishia wake, wewe uwe unabisha hodi.

Shangazi