Chumba Chako na Njia za Hewa

Overport, Durban
Kwaresima, 1998

Kwako dada yangu mpendwa Priska,

Nakuamkia kwa heshima na upendo, wewe na shemeji yangu na wote waliomo nyumbani mwenu Muheza. Uniwie radhi kwa mwandiko huu, ambao mwalimu wetu wa misheni angeurudisha na kuniamuru niandike upya. Naandika mbiombio, lakini si kwa shida. Ni furaha, nami nitajaribu kukueleza sababu yake kwa utaratibu. Kifua chako kinaendeleaje? Je, pumzi inakutosha unapopanda kile kilima cha kanisani? Sisi huku hatujambo. Eunike amekuwa mzito, anatembea ameshika kiuno, na daktari anasema mtoto atazaliwa baada ya Pasaka.

Barua yako niliipokea. Uliandika kwa upole kwamba hutaweza kuja kumwosha mtoto, kwa kuwa kifua chako na hewa ya Durban havipatani, na ukatushauri tumtafute mama mwingine wa makamo hapa hapa. Nilimpa Eunike aisome. Alikwenda jikoni akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Unajua kwamba tangu wifi yako alipotutoka, binti huyu hana mama mwingine ila wewe shangazi yake. Wanawake wema wapo wengi hapa, na wawili wamekwisha kujitolea, lakini nilipomtajia Eunike majina yao aliitikia tu "Ndiyo, Baba," kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Wiki hiyo hiyo alikuja mlangoni bwana mmoja wa hapa Durban, Mhindi, anayeitwa Reggie. Utakumbuka kwamba nyumba hii Eunike na mumewe Didier waliinunua kwa daktari mzee aliyeweka kiyoyozi kikubwa juu ya dari. Hewa baridi hutoka humo, hupita katika mabomba mapana, na kushuka katika kila chumba kupitia wavu wa chuma. Kazi ya bwana Reggie ni kusafisha mabomba hayo kwa brashi ndefu na mashine ya kufyonza vumbi. Mimi, kama unijuavyo, siwezi kuzungumza na mtu aliyesimama mlangoni. Nilimkaribisha, nikampa chai na maandazi. Yeye akapanda juu ya kiti, akafuta wavu wa sebuleni kwa kitambaa cheupe, kikatoka cheusi.

"Eish, mzee wangu," akasema kwa Kiingereza, akikishika kitambaa kama mtu aliyeshika maiti ya ndege. "Haya ndiyo mnayoyavuta. Na mtoto anakuja? Hapa ni kusafisha nyumba nzima, bomba kwa bomba."

Akanionyesha picha za panya waliokufa katika mabomba ya watu wengine. Nilimshukuru, nikamwongezea sukari, nikamshukuru tena. Alipoondoka alikuwa amekwisha kutupangia siku.

Jioni mkwe wangu Didier aliporudi kutoka kwenye duka lake la simu mjini, nilimweleza. Wewe unakifahamu Kiswahili chake cha Lubumbashi, basi nakuandikia kama alivyosema.

"Baba, ulikubali?"

"Sikukubali. Nilimshukuru."

"Ulimupatia chai?"

"Vikombe viwili."

"Na maandazi?"

"Alikuwa mgeni, Didier."

"Basi ulikubali," akasema, akakaa chini na kucheka. "Huku mutu akikula maandazi yako, kazi iko yake."

Eunike hakucheka. Ule ufamasia wake ukamjia usoni. "Baba, vumbi la kwenye wavu ni vumbi la kwenye wavu," akasema. "Halituambii kilichomo ndani. Nyumba nyingi hazihitaji kusafishwa hivyo. Kama kuna ukungu, au wadudu, au vumbi linapulizwa chumbani, hapo sawa. Vinginevyo anatutisha tu."

Nikakubali kwamba ana haki, na hapo ndipo wazo liliponijia. Nilisema, nikiomba radhi kwa kuingilia mambo ya kitabibu, "Je, kama kilichomo ndani ya mabomba hayo ndicho kilichomfukuza Priska?"

Eunike akamgeukia mumewe. Kisha Didier akasema polepole, "Miye nilifikiri Tantine alikimbia sombe yangu."

Dada, kumbe tangu ulipokatiza safari yako Krismasi ile ya mwaka juzi, huyu kijana anaamini kwamba wewe, shangazi anayekuita Tantine, ulikikimbia kisamvu chake. Eunike naye alidhani uliudhika kwa sababu alikuwa kazini mchana kutwa na kukuacha peke yako. Mimi nilidhani umewakumbuka kuku wako, maana ndivyo ulivyoniambia. Kila mmoja alikuwa na sababu yake mfukoni, na hapana aliyewahi kuitoa, kwa kuwa si adabu kumhoji mgeni anayeaga.

Mimi, kwa furaha ya kudhani kwamba huenda si bahari wala si Durban, nilitaka bwana Reggie aje kesho yake asugue nyumba nzima. Kilichonizuia ni kile kinanda cha mabomba cha misheni. Unakumbuka sauti moja ilipokataa kutoka, sisi wawili tukikanyaga na kukanyaga mivukuto yake hadi miguu ikafa ganzi? Padre hakukibomoa kinanda chote. Alifungua bomba lile lililonyamaza, akakuta kiota cha panya. Basi nikasema, tufungue kwanza tuone. Eunike akaniangalia kwa mshangao, kana kwamba nilikuwa upande wa bwana Reggie tangu kuzaliwa.

Jumamosi Didier aliazima ngazi. Sebuleni, ndani ya bomba, palikuwa na vumbi jepesi tu. Chumbani kwao vivyo hivyo, na kwangu pia, isipokuwa nondo mmoja aliyekauka. Nakiri nilianza kuvunjika moyo. Kilibaki chumba cha wageni, ambacho tangu uondoke hatukukitumia ila kuweka maboksi ya simu za Didier, kwa maana kilikuwa na harufu ya uvundo nasi tukasema ni unyevu wa Durban.

Didier akalegeza skrubu, akashusha wavu, akatia mkono hadi kiwikoni. Akapapasa.

"Ni panya?" nikauliza kutoka chini.

"Hapana, Baba. Panya haivai nguo."

Akavuta. Ikatoka kanga, Priska. Nzito kwa maji, ina ukungu mweusi kama mkate uliosahaulika kabatini, lakini ule wekundu na zile korosho za pembeni zilionekana bado. Eunike akasema, "Ya shangazi!" Kisha akacheka hata tukamkalisha kwenye boksi kwa kumhofia mtoto, na kicheko kikageuka machozi, na machozi yakageuka kicheko tena.

Nakuomba usione haya hata kidogo. Naelewa yote kana kwamba nilikuwepo. Ile hewa ilikushukia kifuani ulipolala, nawe ulifundishwa kama nilivyofundishwa mimi kwamba mgeni hasumbui wenyeji. Ukapanda kitandani, ukalegeza wavu, ukaziba tundu kwa kanga, ukaurudisha wavu. Sasa Eunike ananieleza kwamba baridi ya bomba ikikutana na joto letu la Desemba hugeuka maji. Kanga ikaloa juu ya mto wako, ukungu ukaota, na dirisha nalo ulilifunga kwa kuogopa upepo. Ukawa unaivuta hewa hiyo usiku baada ya usiku, na asubuhi unatuambia umelala vizuri. Nasi tukakusadiki, Mungu atusamehe sote kwa adabu zetu.

Nilimpigia bwana Reggie simu kutoka dukani kwa Didier. Nilimwomba radhi kwa kirefu kiasi kwamba Didier alinionyesha foleni ya wateja. Hata hivyo bwana Reggie alikuja, akachungulia, naye ni muungwana, akakubali kwamba mabomba mengine hayana haja ya kuguswa. Bomba la chumba chako lina sifongo ndani ambayo haioshiki ikishapata ukungu, kwa hiyo alilitoa lote akaweka jipya, akabadilisha na chujio la mashine. Kisha akauliza kama yapo maandazi.

Tangu hapo nimehamia mimi katika chumba hicho, ili nikuonjee hewa yake. Harufu imekwisha na sikohoi. Dirisha linafunguka upande wa mpera wa jirani. Kwenye wavu mpya kuna kijiti, ukikisukuma kwa kidole hewa inafungika, hapahitajiki nguo. Siwezi kukuapia kwamba kifua chako kitatulia kabisa, maana mimi si tabibu, na Eunike anasema uje na dawa zako zote na umwone daktari wako kabla ya safari. Lakini anasema pia kwamba sababu uliyotupa ya kutokuja imeng'olewa na kutupwa jalalani, na kama unayo nyingine uiandike waziwazi.

Masharti yetu ni mawili tu. Ukisikia baridi, sema. Na nikikuuliza kama umelala vizuri, nijibu ukweli, hata kama ni mbele ya wageni.

Nisalimie shemeji yangu, na umwambie kwamba nitamrudisha mke wake akiwa mnene. Nisalimie mwanao Anselmi, ambaye najua ndiye atakayebaki na kuku. Nisalimie Mama Rehema jirani yako, mkunga aliyempokea Eunike mwenyewe. Didier anakusalimu sana. Ameahidi kupunguza mafuta katika sombe.

Nimesahau jambo moja, uniwie radhi. Kanga yako nimeifua, nimeianika juani, nimeifua tena. Ukungu umeacha madoa ambayo hayatoki, na Eunike ameapa kwamba haitamkaribia mtoto, hata nikiichemsha. Lakini kanga huuzwa doti, na kipande cha pili najua kimo sandukuni mwako, kisafi, kimekunjwa. Eunike ameyakataa mablanketi yote aliyoletewa na wenzake wa kazini. Anasema mtoto atafunikwa kwa kipande hicho, na atakileta shangazi.

Mimi kaka yako, ninayekusubiri bila subira,
Leonidas