Presha ya Somo Wangu

Amu, kwa Khadija

Ndugu yangu Bi Mwanakombo,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii yakukuta mzima na umeshakula. Mimi huku kwa mwanangu Khadija ni mzima wa afya, ingawa sasa yabidi nibishane na watu ndipo niaminiwe. Usimsomee mumeo mpaka umalize. Ningepiga simu, lakini simu yako huishika yeye.

Wawakumbuka wale vijana wa utafiti wa afya, waliokuwa wakija kwetu Mbwajumali kila mwaka kutuuliza tumekula nini na twalala vipi? Wamenifuata hata huku. Safari hii walitaka ruhusa: majibu yangu ya miaka yote wayaunganishe na rekodi za hospitali, wapate kujua watu waishio kama sisi huugua nini. Nikawaambia, "Unganisheni, bora msiniunganishe na mke wa pili." Nikatia sahihi.

Juzi akarudi binti mmoja wao pamoja na muuguzi. "Mzee Athman, mbona kila mwaka wajibu huna presha? Hospitali ya hapa Amu imeandika unayo, tena kali. Ulipewa vidonge mwezi wa Shaabani, hukurudi."

"Shaabani nilikuwa Mbwajumali naezeka choo."

"Majina yote matatu ni yako, na kijiji, na tarehe ya kuzaliwa."

Wakanipima. Sina presha. Nikawacheka, kisha kicheko kikanikauka. Athman Omar Athman wa Mbwajumali tuko wawili, na karani wa vitambulisho, alipochoka kutuuliza, alituzalisha sote tarehe mosi Januari ya mwaka mmoja. Mimi, na huyo somo wangu uliyemkubali awe mumeo kwa macho yako mwenyewe. Nilimbana muuguzi anitajie. Akasema siri ya mgonjwa haitolewi. Lakini ni nani niliyemtuma Amu mwezi huo wa Shaabani aniletee misumari ya choo, akarudi bila msumari hata mmoja?

Hapa sifanyi mzaha, Bi Mwanakombo. Kile kizunguzungu anachosingizia jua si jua. Na bado akwea minazi! Ficha kamba yake leo hii, umtie katika boti ya asubuhi. Ndiani usimwache peke yake. Nitawangoja gatini.

Wale wa utafiti wamesema sasa watauliza na jina la mama, wasituchanganye tena. Khadija hakungoja hayo; ameniondolea chumvi, na papa wangu mkavu amemfungia kabatini mpaka mwenye presha aonekane.

Nisalimie shangazi yetu, umpigie kelele ndipo asikie, na mwalimu wa chuo, na jirani yako mwenye punda mkaidi.

Najua shemeji yangu atakataa hospitali. Basi mwambie ni mimi niliye taabani, namwita. Atakuja mbio, namjua. Wala hutakuwa umesema uongo: hospitali yenyewe imeandika hivyo.

Kakako,
Athman, yule asiyekwea minazi