Kijiti cha Fimbo ya Katikati

Mama Nakiru,

Uniwie radhi kwa kukuandikia habari za gofu, ilhali najua ungetaka kwanza za mbuzi. Mbuzi wazima. Nakiru wetu naye hajambo, bado yuko kazini Kakuma.

Unazikumbuka zile fimbo tatu fupi alizoniachia Padre, za kuupeleka mpira juu na karibu. Miaka yote niliamini zimepangika sawasawa, kila moja ikimpita mwenzake kwa hatua kumi na tano. Nilijivunia mpango huo kuliko cheti changu cha ualimu. Mchanga wa Lodwar hauviringishi mpira, ukianguka, umeanguka. Nawe ulisimama kule mbele, shuka begani, ukichomeka kijiti cha mswaki mahali ulipotua. "Ejok, vizuri, Mwalimu! Umefika!"

Juzi nilitaka fimbo mpya ya katikati, kwa kuwa mpini wa ile umelegea. Nikaona vyema nizipime upya zote. Rafiki yetu Majok, katekista kutoka Sudan Kusini, alikubali kusimama mahali pako. Ya kwanza ikafika palepale pa zamani. Ya tatu vilevile. Lakini ya katikati ikaanguka karibu kabisa na ilipofika ya kwanza. "Mwalimu, hizi mbili ni mapacha!" akacheka. Nikabisha. Tukarudia mpaka jua likatufukuza.

Uzee ungezipunguza zote, mama. Si moja tu.

Ndipo nikakumbuka. Kila nilipopiga kwa fimbo hiyo, na hiyo peke yake, uliniita kutoka mbali kabla sijaanza kuja: "Futa miwani kwanza, Mwalimu!" Nami kwa utii nikafuta. Kumbe nikifuta, wewe unatembea na mpira na kijiti kwenda mbele.

Samahani, nimecheka peke yangu kama mwendawazimu. Kisha sikucheka tena. Uliona siku ile ya kwanza fimbo hiyo iliponiangusha, nikarudi nyumbani nikakataa hata chai. Ulinisogezea kijiti maisha yako yote.

Kakuma, Nakiru alinipeleka kwa Msomali mmoja muuza mitumba. Alikuwa na fimbo ambayo uso wake umelala kadiri ile ninayoihitaji. "Chukua, mzee. Hii haidanganyi." Akataka nimwachie ya zamani tubadilishane. Nilikwisha kuiweka mezani pake. Mkono ukakataa kuiachilia, nikamwomba radhi, nikalipa bei kamili.

Sasa zimepangika kweli, kama ulivyotaka niamini. Ile ya zamani, yako, imo katika mfuko wa fimbo pamoja nazo, mpini nimeukaza kwa ukanda wa ngozi.

Pumzika kwa amani, mwenzangu. Naahidi kwamba kila nikimaliza mchezo, mpira wa mwisho nitaupiga kwa hiyo. Nitafuta miwani kwanza, polepole, nikupe nafasi. Ndipo nitakapoanza kutembea.

Ni mimi,
Mwalimu wako