Saa Aliyotupa Kaka

Jumatatu, 4 Machi

Saa imepokelewa. Kaka Hamisi ndiye aliyekuwa zamu Dar kututolea saa mbili hewani, kama kila asubuhi. Saa ya ukutani ilikuwa imebaki nyuma kidogo, nikasogeza akrabu ya dakika. Kisha nikawapa vituo vyangu: uwanja wa ndege, mnara wa taa Ras Mkumbi, zahanati ya Kanga. Wote wamejibu. Kanga sauti hafifu, betri yao imechoka.

Ndugu Lukindo, mkuu wetu mpya kutoka bara, kaniuliza kwa nini nahangaika na saa kila siku, saa si saa tu? Nikamweleza. Betri za simu ya upepo za vijijini zinachajiwa hapa Kilindoni peke yake. Kwa hiyo wanawasha mitambo kwa muda mfupi, mara tatu kwa siku, kisha wanazima. Na daktari wa Dar anaisikiliza wilaya yetu saa nane mchana, dakika tano basi, halafu anahamia wilaya nyingine. Saa zisipolingana, mtu atapiga kelele na upande wa pili hakuna sikio. Kaelewa. Au kajifanya.

Mambo ya nyumbani hayaruhusiwi hewani. Kaka hukohoa mara moja kabla ya kuaga, najua ndiyo salamu yangu. Leo hakukohoa.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Duka la ushirika halina mawe ya redio, mwezi wa pili sasa. Redio yangu ya nyumbani imekuwa pambo la kabati. Sukari nayo hakuna.

Kaka leo kaniweka. "Subiri." Halafu "subiri kidogo." Ndipo akatoa saa. Si kawaida yake. Yeye ndiye aliyenilea baba alipofariki. Akanipeleka Dar, akanifundisha kazi hii, akagombana na wakubwa waliosema mwanamke hafai kukaa kwenye mtambo. Alikuwa akinigonga vidole kwa rula. Usitamke "sasa" kabla hujaiona kwa macho yako.

Jumamosi, 9 Machi

Binamu yangu Pili karudi kutoka Dar. Alikwenda kumwamkia kaka. Kakonda, asema. Sukari ya mwilini imempanda, dawa anakunywa akikumbuka. Alipomfungulia mlango alimpapasa usoni ndipo akamtaja jina. Kisha akacheka, ati ukumbini kuna giza.

Pili hakucheka. Wala mimi.

Jumanne, 12 Machi

Siku mbaya.

Zuhura, mke wa Shomari wa Kanga, uchungu ulimshika jana. Mimba ya kwanza. Leo damu ikaanza kumtoka na mtoto hajaja. Nesi Rehema wa zahanati akangoja saa ya daktari, kwa kuwa ndege haiji mpaka daktari aiombe. Saa nane kamili kwa saa yake, ile niliyompa asubuhi, akafungua mtambo akaita. Nilimsikia vizuri. Dar kimya. Akaita tena. Nikaingia nami nikaita. Kimya. Rehema sauti ikaanza kupanda, akalitaja jina la mgonjwa hewani, kitu ambacho hatufanyi. Hakuna.

Tukatuma Landrova Kanga. Njia ni tope tupu. Dar walifungua tena saa kumi kwa shughuli za ofisi, wakasema ndege leo haiwezi tena, giza litaikuta, ije alfajiri.

Landrova imerudi magharibi. Mtoto katoka njiani. Mfu.

Jumatano, 13 Machi

Ndege imekuja, imemchukua Zuhura na mama yake. Nilisimama uwanjani. Alikuwa mweupe midomo, kafumbua macho, hatazami kitu. Shomari hakupanda. Alikuwa na mtoto wake mkononi, kamfunga kanga ya mamaye, anangoja lori la kumrudisha Kanga akazike. Wa kiume. Watu walimwambia aketi kivulini. Hakuketi.

Jioni nilipita tawi la chama. Redio yao ina mawe. Taarifa ya habari ilipokaribia ikalia ile milio ya kutambulisha saa. Nikaangalia mkono wangu kwa mazoea tu. Saa yangu ilikuwa nyuma dakika tisa.

Nikasema ni saa yangu. Nikaenda ofisini nikitota mvua. Ya ukutani, vilevile.

Kisiwa kizima tuko nyuma. Tuko nyuma pamoja, tunasikilizana wenyewe kwa wenyewe, ndiyo maana hakuna aliyejua.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeazima redio ya tawi. Nikaiweka mezani, sauti chini. Milio ya saa mbili ikalia ikaisha. Kaka bado anasema "subiri."

Nikavunja kanuni. Nikabonyeza nikasema:

"Kaka, saa unaiona?"

Upepo tu kwenye spika. Nilidhani amezima.

"Naiona vizuri," akasema. "Saa mbili kamili... sasa. Ova."

Haikuwa sasa. Ilikuwa imekwisha pita zamani.

Nikajibu nimepokea. Ya ukutani nikaiweka kwa redio. Vituo vyangu nikawapa ya redio. Kisha nikakaa na mikono mapajani kama mgeni.

Jumatatu, 18 Machi

Dar wamejibu taarifa yetu ya Zuhura. Daktari alikaa kwenye mtambo dakika zake zote, hakusikia mtu. Na saa ya Dar, wamesema, haina shaka. Basi kosa ni la Kanga, nesi alichelewa kufungua. Nesi Rehema asimamishwe kazi kuanzia Ijumaa. Ndugu Lukindo kanisomea kwa sauti ya kawaida, kisha kaniuliza kama nina la kuongeza.

Nikasema sina. Sijui kwa nini nilisema sina.

Rehema mwenyewe kaja kwa lori mchana. Kaketi barazani kwangu na mwavuli wake uliovunjika. Ana wanawe na mama asiyesimama. Hakulia wala hakuniomba kitu. Kaniuliza tu:

"Dada Mwanaisha, nilikosea wapi?"

"Hukukosea."

"Basi waambie."

Sidhani kama anajua mtoa saa wa Dar ni nani kwangu. Nilimpa chai isiyo sukari. Hakuinywa.

Jumanne, 19 Machi

Kaka zamu. Sauti yake safi, ya mtu wa serikali. Nimemchukia. Kisha nimemwona moyoni akipapasa ukuta kwenda kazini, nikajichukia mimi.

Sikusema.

Jumatano, 20 Machi

Sikusema.

Alhamisi, 21 Machi

Nimesema.

Niliingia kwa Ndugu Lukindo asubuhi kabla hajaketi. Nikamwambia saa mbovu ilitoka Dar, nimeipima kwa redio siku baada ya siku, anayeitoa haoni. Akauliza najuaje kwamba haoni. Nikamwambia ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja.

Alifunga mlango.

"Unajua watakachomfanya?"

"Najua."

"Na kesho hutanigeuka?"

"Andika, ndugu. Andika kabla sijabadili."

Akaandika. Mkono wangu wakati wa kutia sahihi haukutetemeka, na hilo ndilo linaloniuma. Nilimsaliti kaka yangu kwa mwandiko mzuri alionifundisha mwenyewe.

Ijumaa, 22 Machi

Rehema anabaki kazini. Kanga wamefungua kwa wakati. Kasema ahsante hewani, basi.

Jumatatu, 25 Machi

Sauti ngeni. Anasema haraka, hana "subiri." Saa yake na ya redio zimelingana bila hata kupishana. Nikajibu nimepokea.

Nikawapa vituo. Nikatoka nyuma ya ofisi nikalia, mpaka mfagizi akaniletea maji.

Jumanne, 2 Aprili

Kaka kaja kwa ndege. Hana mke, alifariki. Hana mtoto. Wapi tena aende? Hospitali imesema jicho la kushoto limekufa, la kulia linaona kivuli. Wamemstaafisha. Nilidhani watamshtaki, hawakumshtaki, wamemwonea haya.

Nikamwendea chini ya ndege. Nikasema shikamoo, kaka.

Hakuitikia. Akauliza ngazi zimebaki ngapi.

Njia nzima nilimshika kiwiko. Alikuwa mwepesi. Mtu aliyekuwa akinibeba mabegani.

Jumatano, 3 Aprili

Hasemi. Nimepika wali na kunde, kala kidogo, kaosha mikono, kageukia ukutani. Pili kaja kumjulia hali, naye kamwambia alhamdulillahi, vizuri kabisa, kacheka naye hata. Ni mimi tu hanisemeshi. Nyumba ndogo hii. Tunapishana mlangoni, nasikia pumzi yake ikisimama mpaka nipite.

Alhamisi, 4 Aprili

Leo kasema. Nilikuwa nakuna nazi uani, yeye kaketi kizingitini.

"Ulinisema."

"Nilikusema."

"Ungeniuliza kwanza."

"Nilikuuliza, kaka. Ukanijibu unaiona."

Nikaacha kukuna. Kuku wa jirani akaja akadonoa machicha, sikumfukuza.

Kaka akaanza kueleza, kwa sauti ndogo, kama anayemweleza mtu mwingine. Tangu Ramadhani iliyopita haoni akrabu. Alikuwa akitoa saa kwa king'ora cha bandarini. Kikilia, ndiyo saa mbili, naye anasema "sasa." Wenzake hawakujua. Hata mimi sikujua, na nilikuwa nikimsikia kila siku ya Mungu. Mwanzoni mwa Machi king'ora kikaharibika.

"Nikakisia," akasema. Kisha tena, "Nilikisia, Mwanaisha. Niliona nikisema sioni, kesho nitakuwa mzee wa kuombewa chakula."

Nikamfukuza kuku. Kaka akauliza:

"Yule mtoto. Wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume."

"Nipeleke."

Ijumaa, 5 Aprili

Tumekwenda Kanga kwa lori la ushirika. Njia nzima kakaa kanyooka, kofia mapajani.

Shomari na Zuhura wanakaa kwenye zile nyumba mpya za kijiji cha ujamaa, zimepangwa mstari, miti ya kivuli bado haijakua. Zuhura karudi kutoka hospitali wiki iliyopita. Yuko mkekani, kajifunika shuka, uso umemwishia. Shomari alikuwa anasuka kamba. Walitupokea vizuri, walidhani tumekuja kutoa mkono wa pole kama watu wengine. Wakatuletea maji.

Kaka hakuyagusa.

"Mwanangu," akamwambia Zuhura, "siku ile daktari hakusikia kwa sababu saa ilikuwa mbovu. Saa ilitoka kwangu. Nilikuwa sioni nikanyamaza."

Nilimtazama Zuhura. Alifikiri.

"Mimi saa siijui, baba," akasema. "Najua nilingoja."

Akavuta shuka akageuka.

Shomari aliinuka akatoka. Nikaogopa. Nilisikia akisimama nje, halafu akarudi mlangoni. Mtu mfupi, mabega mapana, macho mekundu.

"Njoo," akamwambia kaka.

Akamshika mkono. Hakumshika kwa upole. Alimvuta hadi nyuma ya nyumba, tukapita mihogo, mimi nafuata, sijui anampeleka kwenye nini. Pembeni ya shamba pana kifusi cha mchanga na jiwe moja. Shomari akamwachia.

"Hapa."

Kaka akapiga magoti. Akaweka viganja juu ya mchanga, akapapasa kutoka kichwani kwenda miguuni. Mikono haikwenda mbali. Akatulia pale ilipokomea, kama hakuamini. Akarudi juu, akaanza tena polepole, akafika palepale.

Akatoa sauti ambayo sikupata kuisikia kwake, hata baba alipofariki.

Shomari kampa mgongo. Hakumwambia amesamehe wala hakumwambia aondoke. Alisimama tu mpaka kaka alipoinuka mwenyewe, ndipo Shomari akamkung'uta mchanga magotini, akaingia ndani.

Hatukuaga vizuri. Lori lilikuwa linapiga honi.

Jumamosi, 6 Aprili

Kaka homa. Uji kakunywa nusu. Nimempa dawa yake ya sukari mkononi mwake na nimesimama mpaka kaimeza.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Sikwenda kokote.

Homa imeshuka. Baada ya kunywa chai kaniomba nimtolee msahafu. Anataka Yasini kwa ajili ya mtoto wa Shomari, na hawezi kusoma, na kwa moyo anaijua nusu tu. Nikatawadha, nikaketi karibu yake mkekani, nikamsomea. Sauti yangu si nzuri. Mahali pawili nilivuta pasipovutwa, akanisahihisha, akanigusa goti.

Nilipofika mwisho alikuwa kainamisha kichwa. Nilidhani kasinzia. Nikafunga msahafu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.