Yule Dada wa Kwenye Filamu Zako

Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini mkono umekataa kuandika neno jingine kwanza.

Banda letu la video bado lipo. Tulipomaliza kukuzika, Mama alitaka kuuza projekta na spika, turudi Ushirombo kwa bibi. Sikumbishia. Geita nzima, nani mwingine angekaa na kipaza sauti akiwatafsiria wachimbaji zile filamu zako za zamani, zisizo na rangi, za wapelelezi wenye kofia, mvua isiyokatika na vivuli virefu ukutani?

Nakumbuka nilivyokuuliza kwa nini huonyeshi za ngumi kama wenzako. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Kabula, hawa ni sisi. Mtu anaona kabisa shimo la duara linataka kuanguka, na bado anashuka kuchimba." Ukanifundisha zinavyokwenda: anayesimulia ameshaharibikiwa tangu mwanzo, dada mzuri akiingia ofisini na shida yake, ujue anaficha jambo, na mwisho hatoki mtu salama. "Msimwamini huyu dada," uliwaambia watu, "lakini msimchukie." Hawakukusikia. Walimzomea kila mara.

Jumapili mchana Masanja, yule mchimbaji wa benchi la mbele, alikuja na wenzake. Akamwambia Mama, "Tuwekee moja tu, tumkumbuke mzee."

Nikashika kipaza sauti mimi, na Kiingereza changu cha sekondari. Nilianza kwa kukuiga wewe, wakanong'onezana. Dada alipomdanganya mpelelezi, wakapiga kelele, "Muongo huyo!" Basi nikaacha kukuiga. Nikamsemea kwa sauti yangu mwenyewe, sauti ya mwanamke anayeogopa.

Hakuna aliyemzomea tena, Baba.

Polisi walipompiga risasi yule dada, Masanja alijifuta macho kwa kiganja. "Leo ndiyo nimemwelewa huyu dada," akasema. Mama alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Habari ya kuuza hajaigusa tena.

Nakukosa zaidi pale ulipokuwa unazima kipaza sauti, ukawaacha watu wasikie mvua ya kwenye filamu. Mimi bado siwezi. Nikinyamaza, nalia. Nitajifunza.

Lala salama, Baba, kifua chako kipumzike. Nakuahidi: maadamu nina sauti, hakuna mtu wa kwenye filamu zako atakayekufa bila wa kumsemea.

Mwanao,
Kabula