Dereva Namba Arobaini na Moja

Mwenzangu, acha unachofanya usome hii.

Unamkumbuka Profesa? Yule dereva wa basi la chuo, tuliyembandika jina kwa sababu ya miwani yake? Yumo kwenye orodha ya wahadhiri! Dereva! Na cheo juu: Profesa.

Ni orodha ya kupeleka kwa wale wanaopanga vyuo kwa ubora. Mwaka jana tulishika mkia, eti walimu wachache. Leo nimepewa karatasi ya majina na sahihi zao, niichape. Kufika namba arobaini na moja, nikamkuta yeye.

Nikaenda kwa mkuu wetu wa ofisi. "Bosi, huyu ni dereva. Profesa ni jina la utani tu."

Nilidhani atacheka. Akafunga mlango.

"Wewe ulisoma wapi?"

"Hapahapa."

"Basi chuo kikipanda, na cheti chako kinapanda. Chapa."

Chapa! Kama barua ya likizo!

Nimerudi mezani najifariji, labda wamekosea kweli, jina la utani limemponza mzee wa watu. Lakini nikageuza ukurasa. Arobaini na mbili: mpishi wa kantini, "mtaalamu wa lishe". Yeye hana jina la utani, mwenzangu. Hapo nikanusa kitu.

Arobaini na tatu nimeisoma mara tatu. Mhadhiri mwandamizi wa mawasiliano.

Ni mimi. Mimi mchapaji!

Na sahihi ipo. Mkia wake umejikunja vilevile kama wa sahihi yangu. Ila mimi sijawahi kuishika karatasi hii kabla ya leo.